Kichwa Rasmi na Visikizi vya Taifa

Kuna nchi moja ambayo ramani zake huchapishwa bila jina, kwa sababu Serikali iliona kwamba jina likiandikwa, adui ataijua na mwananchi ataizoea. Wenyeji huiita Hapa tu. Katika Hapa mambo yote huendeshwa kwa utaratibu, na utaratibu mmojawapo ni huu: kitu chochote kinachovaliwa kichwani, iwe kofia, kilemba, miwani au hata mto wa kulalia, ambao kisheria ni vazi la usiku, hakiruhusiwi kugawiwa kwa wananchi mpaka kithibitike kuwa kinamtosha Mtukufu Kiongozi. Wanasheria walilieleza jambo hili kwa upole. Kinachokitosha kichwa kilicho juu ya vyote, walisema, hakiwezi kukosa kuvitosha vilivyo chini.

Ugumu ulikuwa mmoja. Sheria nyingine, iliyotungwa mapema zaidi na kwa nia njema vilevile, ilikataza mtu yeyote kuupima mwili wa Mtukufu. Kwa hiyo watu wa Hapa walitembea juani vichwa wazi kwa muda mrefu, wakingoja sheria hizo mbili zipatane.

Zilipatanishwa na upepo. Katika sherehe za taifa, kofia ya Mtukufu ilipeperuka jukwaani, ikapaa juu ya gwaride, ikatua kichwani mwa mwalimu mmoja wa jiografia aliyesimama na wanafunzi wake nyuma ya uzio. Ikakaa. Haikubana wala haikuyumba. Mwalimu huyo, jina lake Mbaruku, aliinua mkono ili aivue na kuirudisha kwa mwenyewe, lakini mkono ule ulikamatwa hewani na maofisa wanne kwa heshima kubwa. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameteuliwa kuwa Kichwa Rasmi cha Jamhuri.

Alipewa ofisi, kiti chenye egemeo la shingo, na mlinzi wa kumzuia asitembee chini ya minazi. Kila kilichokusudiwa kuvaliwa na vichwa vya Hapa kilipita kwanza juu ya kichwa chake. Kazi haikuwa mbaya, ukiacha siku za kofia za chuma za askari, ambazo kwa mujibu wa mwongozo zilipaswa kupigwa rungu na askari wenyewe ili waziamini. Kofia zilifaulu. Sikio la kushoto la Mbaruku lilizimika, na ripoti haikulitaja, kwa sababu nzuri kabisa: kichwa chake kilikwisha kutangazwa kuwa sawa na cha Mtukufu, na kusema kwamba kimepoteza sikio kungekuwa kutoa habari nyeti kuhusu afya ya Kiongozi. Hivyo Mbaruku alisikia kisheria kwa masikio mawili, na kwa mazoea alisikia kwa moja la kulia.

Sikio hilo moja alilitunza kuliko kiti, ofisi na mlinzi. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa amepasuliwa koo kuondolewa uvimbe, akapona, lakini sauti haikurudi nzima. Ulirudi mnong'ono tu, mwembamba, usioweza kuvuka meza. Kila jioni, chakula kikitokota jikoni, Mwanakheri alikisogeza kigoda chake upande wa kulia wa mumewe, akamwekea mkono begani, akainama mpaka midomo ikakaribia kuligusa sikio, akaanza kumsimulia mambo ya mtaa. Zaidi ya yote alimsimulia habari za bata bukini wa jirani yao Kidawa, ndege mwenye hasira asiyetambua vyeo.

"Leo, Mwalimu," alinong'ona jioni moja, "bata kamkimbiza mwenyekiti wa mtaa mpaka kapanda juu ya karo la kufulia. Kasimama pale na suti yake, anadai bata aitwe kwa jina lake kamili ajieleze."

"Na Kidawa?"

"Kidawa anamwambia, 'Shuka tu, mheshimiwa, huyo haumi wakubwa.' Mwenyekiti akashuka. Uongo mtupu!"

Mwanakheri alipocheka hakutoka sauti. Ilitoka pumzi tu, iliyokatikakatika kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye shingo nyembamba, na Mbaruku aliisikia sikioni mwake, akacheka naye. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao, nao hawakuomba mengine.

*

Kisha Mtukufu akatambua kwamba upepo ule uliochukua kofia yake huchukua pia sehemu ya maneno yake kabla hayajawafikia wananchi walio nyuma. Ikaamriwa kila mwananchi apewe jozi ya visikizi visivyo na waya, zile hedifoni zenye vikombe viwili vya kufunika masikio na utepe wa kupita utosini, ili hotuba iingie moja kwa moja bila kupitia hewani. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kutathmini Visikizi kwa Vigezo vya Sauti, Starehe na Nyongeza. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Ndembo, bingwa wa taaluma ya makofi katika Chuo Kikuu, mtu mpole aliyeweza kueleza kwa michoro tofauti kati ya makofi ya kukubali na makofi ya kukubali zaidi.

"Bwana Kichwa," Profesa alimweleza Mbaruku siku ya kwanza, "kazi yako ni nyepesi. Utavaa, utasikiliza, utasema, 'Sauti ni safi.'"

"Na nikiona si safi?"

"Utanyamaza. Nasi tutaelewa kuwa bado unaifurahia."

Sauti iliyoidhinishwa kwa majaribio ilikuwa moja: hotuba ya Mtukufu kuhusu kilimo cha mbaazi. Kanuni zake zilikuwa chache, nazo hazikuwa na utata. Hotuba ikikatizwa huanzwa upya, tangu salamu kwa waheshimiwa wote waliokuwapo, wakiwamo waliokwisha kufariki. Pia sauti ya Mtukufu yaweza kupandishwa, lakini haiwezi kupunguzwa, kwa kuwa kuipunguza ni kosa ambalo hata jina lake halikuandikwa, ili lisimpe mtu wazo.

Jozi ya kwanza ilitoka ng'ambo. Ilikuwa nyepesi na ya rangi ya maziwa. Simu ya Kamati ilikuwa bado inasubiri idhini ya kupewa chaja, kwa hiyo visikizi viliunganishwa na simu ya katibu, msichana mchangamfu aitwaye Tunu. Mtukufu alikuwa amefika kwenye umuhimu wa kupalilia mapema wakati sauti nyingine, ya kike na yenye ghadhabu, ilipoingia masikioni mwa Mbaruku. Mbaruku, aliyekuwa mwadilifu, aliona ni wajibu wake kuripoti.

"Mtukufu anasema paka wamemaliza dagaa."

Wajumbe wakaanza kuandika.

"Paka gani?" Profesa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakufafanua. Anasema dagaa waliachwa juani, na kwamba ukirudi nyumbani utamtambua yeye ni nani."

Wajumbe wawili waliomba udhuru wakatoka kuwapigia simu wake zao. Kamati ndogo ya Paka ilikuwa imekwisha kuundwa, na mwenyekiti wake ameanza kuomba gari, ndipo Tunu alipoitazama simu yake na kujifunika uso kwa mikono.

"Ni mama yangu," alisema. "Amepiga."

Jozi ya kwanza ikakataliwa, kwa kuwa ina nyongeza inayoruhusu watu wengine kuzungumza Mtukufu akiwa anazungumza. Kamati ndogo ya Paka, hata hivyo, haikuvunjwa, maana hakukuwa na utaratibu wa kuvunja.

Jozi ya pili ndiyo aliyoipenda Mbaruku. Vikombe vyake vilikuwa laini kama viganja vya mtu anayekuziba masikio kwa utani. Sauti iliingia taratibu, ikakaa mahali pake, na kila wajumbe walipobonyeza kitufe cha kupandisha, yeye aliona vidole vyao vinabonyeza, lakini sauti haikuongezeka. Alikwenda nyumbani na sikio zima, akasikia habari ya bata kumpokonya fundi redio bisibisi, akalala akiomba jozi hiyo ishinde.

Asubuhi alimkuta Profesa ameshika kijitabu cha maelezo kwa ncha za vidole.

"Humu ndani kuna kidude," Profesa alisema, "kinachozuia sauti isizidi kiasi ambacho sikio la binadamu linaweza kustahimili."

"Hilo si jema, Mheshimiwa Profesa?"

"Jema? Fikiri, ndugu yangu. Mtukufu anasema, na mashine iliyotengenezwa na watu tusiowajua inaamua kwamba amesema vya kutosha. Nani aliyeipa madaraka hayo?"

Jozi ya pili ilichukuliwa na polisi kwa mahojiano.

*

Ikabaki jozi ya tatu, ambayo ilishinda tangu hapo kwa kuwa peke yake, lakini utaratibu ulitaka ijaribiwe ili ushindi wake uwe wa haki. Ilikuwa imetengenezwa nchini, na kiwanda kilichokuwa kikitengeneza masufuria, na mikono ya mafundi haikuwa imesahau kazi ya zamani. Utepe wake uliuma utosini. Vikombe vyake vilikaza taya kiasi kwamba Mbaruku alilazimika kusema kwa meno yaliyofungwa. Sauti iliingia kwa kishindo, ikiwa na mkwaruzo ndani yake, kana kwamba mbaazi zenyewe zilikuwa zinamwagwa juu ya bati. Kwa upande wa nyongeza ilikuwa na mbili. Ilizima kelele zote za nje, na betri yake haikuisha. Mbaruku aliingoja iishe kama mtu aliyefunga saumu anavyoingojea magharibi, lakini haikuisha.

Kwa kuwa hakusikia lolote isipokuwa mbaazi, mahojiano ya siku hiyo alisimuliwa baadaye na Tunu, aliyejitahidi asicheke.

"Vinabana?" Profesa alikuwa ameuliza.

"Sauti ni safi," Mbaruku alijibu, akiona midomo inacheza.

"Shingo haichoki?"

"Sauti ni safi."

"Na sisi wajumbe, unatuonaje? Tunaifanya kazi hii kwa uadilifu?"

"Sauti ni safi."

Wajumbe walipeana mikono. Mmoja alifuta machozi. Kisha, kwa furaha, kila mmoja akampandishia Mtukufu sauti.

Jioni hiyo Mbaruku alirudi nyumbani na mluzi katika sikio la kulia, kama wa birika lililosahauliwa motoni. Mwanakheri aliketi, akainama, akanong'ona. Maneno yalifika yakiwa na matundu.

"Sema tena," Mbaruku alisema.

Akasema tena.

"Tena, mke wangu."

Mwanakheri aliuondoa mdomo wake kidogo, akamtazama usoni, kisha akarudi na kunong'ona kwa nguvu mpaka koo likamkwaruza. "Nimesema mara tatu, Mwalimu. Kataa kazi hiyo. Hilo ndilo sikio langu mimi, si lao."

*

Profesa Ndembo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka na kufunga mlango.

"Unaposema sikio linauma," aliuliza, "unamaanisha sikio la nani?"

"Langu."

"Langu." Profesa alilionja neno hilo kama dawa. "Na hilo lako, kwa mujibu wa tangazo, ni sawa na la nani?"

Mbaruku aliinamisha kichwa.

"Mimi sikukusikia," Profesa alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Nakuomba utambue kwamba nimekusaidia sana kwa kutokusikia."

"Basi niruhusu nijiuzulu."

"Wangapi wamejiuzulu, waliokuwa mikono, miguu, hata matumbo ya taifa! Mawaziri, makatibu, makamanda. Lakini kichwa, Bwana Mbaruku? Kitaandika barua kwa mkono wa nani?" Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Sheria inakutambua kwa jambo moja tu: kofia inakutosha. Siku kofia itakapokukataa, utakuwa mwalimu wa jiografia kama zamani. Omba upimwe upya. Hiyo ni haki yako."

Mbaruku alikuwa na nywele nyingi, zilizoanza kuingia mvi. Jioni aliketi uani, Mwanakheri akazinyoa zote kwa wembe, polepole, akigeuza kichwa kile mikononi mwake kama anayechagua nazi sokoni. Ukipungua unene wa nywele, walikubaliana, kofia haitakaa. Alipomaliza alimpangusa kwa kitambaa chenye maji, akainama upande wa kulia.

"Kichwa chako kidogo kumbe," alinong'ona. "Miaka yote hii nimeolewa na nywele."

Alicheka, na kupitia mluzi ule Mbaruku aliisikia pumzi ikikatika. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alilala na matumaini.

Kofia ililetwa juu ya mto, ikisindikizwa na tarumbeta. Profesa mwenyewe aliivisha. Ilishuka kupita kipaji cha uso, ikapita nyusi, ikapita macho, ikasimama juu ya pua. Gizani, ndani ya kofia ya Mtukufu, Mbaruku alisikia kwa mbali wajumbe wakinong'onezana, na moyo wake ukadunda kwa furaha. Imemkataa.

"Inamtosha," Profesa alitangaza.

"Mheshimiwa, sioni kitu!" Mbaruku alisema kutoka humo ndani.

"Inamtosha na kubaki," Profesa alisema. "Andika, Tunu. Kilichotosha na kubaki kimetosha zaidi."

Wajumbe walipiga makofi ya kukubali zaidi.

*

Jaribio la mwisho lilifanyika hadharani, katika ukumbi wa mikutano, mbele ya Waziri wa Usikivu. Asubuhi ile Mwanakheri alimsindikiza mumewe mpaka mlangoni, akamwekea mkono begani.

"Jana bata kafanya jambo," alinong'ona, akilitenga kila neno ili lipite. "Sikwambii sasa. Ukirudi nitakumalizia."

"Nidokeze."

"Nenda. Urudi."

Ukumbini alivishwa visikizi juu ya upara wake mpya, na utepe wa kiwandani ukaushika utosi bila kizuizi. Mtukufu akaanza kuwasalimu waheshimiwa, waliopo na waliofariki. Ndipo Waziri, mtu mnene mwenye tabasamu la daima, akasimama na kutoa pendekezo ambalo halikuwa kwenye ratiba: kwamba wageni wote, kwa kufuata itifaki, wapite mmoja mmoja na kumpandishia Mtukufu sauti kwa heshima. Kiwanda, kwa unyenyekevu, hakikuwa kimeweka kikomo.

Wakapanga mstari kuanzia wa chini. Wakapita wajumbe. Wakapita wakurugenzi, na wale waliokuwa wakurugenzi, na wake zao. Kila mmoja aliinama kidogo, akabonyeza kitufe, akasogea. Tunu alipofika alikigusa kitufe bila kukibonyeza, akamtazama Mbaruku machoni, akapita haraka. Lakini aliyekuwa nyuma yake, akidhani kuna upungufu, alibonyeza mara mbili, yake na ya Tunu. Mbaruku aliinua mkono nusu. Mlinzi wake, aliyeajiriwa kumkinga na nazi, aliushusha mkono huo taratibu.

Profesa Ndembo alipita akiwa amefumba macho.

Wa mwisho alikuwa Waziri, naye alikibonyeza kitufe na kukishikilia.

Mbaazi ziligeuka radi, na radi ikageuka mwanga, na mwanga ukajaa kichwa kizima mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka kitu kingine. Kisha ghafla vyote vikatulia. Hakukuwa na mkwaruzo, wala mluzi, wala hotuba. Betri, Mbaruku aliwaza. Hatimaye betri imeisha. Utulivu ule ulikuwa mtamu kiasi kwamba alitabasamu bila kukusudia, na Waziri, kwa jicho la kiongozi, akaliona tabasamu hilo na kuwaonyesha watu kwa kidole: hiyo ndiyo starehe.

Midomo ya Profesa ilicheza. Mbaruku aliijua.

"Sauti ni safi," alisema, na hakujisikia akisema.

Watu wote wakasimama. Mikono yao ilikwenda na kurudi, ilikwenda na kurudi, ukumbi mzima, bila kutoa sauti yoyote, na taa ndogo ya kijani katika kisikizi cha kulia ikaendelea kuwaka.

*

Gazeti la Hapa liliandika kwamba visikizi vya taifa vimefaulu katika vigezo vyote vitatu, na kwamba vitagawiwa kwa wananchi wote, kuanzia watoto wachanga. Kichwa Rasmi kilitunukiwa nishani, ambayo kwa kukosa mahali pengine panapostahili ilibandikwa kwenye utepe wa visikizi vyenyewe, na mwenye kichwa akaruhusiwa kwenda navyo nyumbani.

Mwanakheri alikuwa ameketi jikoni. Chakula kilitokota, Mbaruku aliona kifuniko kinacheza juu ya sufuria. Mkewe alimvua visikizi kwa mikono miwili, akaviweka mezani pamoja na nishani yake, akamkalisha, akasogeza kigoda upande wa kulia. Mkono wake ulikaa begani kama siku zote.

Mbaruku alihisi pumzi yenye joto sikioni. Ilikuja, ikaja tena, ndefu, kisha fupifupi, na mahali fulani ikaanza kukatikakatika, naye akajua kwamba hapo ndipo bata alipofanya lile jambo. Akacheka. Pumzi ikaendelea, ikafika mwisho wake, ikasimama, kama mtu aliyeuliza swali na sasa anangoja.

Aliutambua ukimya huo wa kungoja, maana alikuwa ameujibu kila jioni ya ndoa yao. Alitafuta la kusema, akakosa, akashika lile lililokuwa karibu na ulimi.

"Sauti ni safi," alisema.

Mwanakheri akainuka, akakibeba kigoda chake, akazunguka nyuma ya mumewe, akakiweka upande wa kushoto, akaketi, akainama, akaanza habari ya bata upya.